Siku Uliyoikosa

Sura iliyopita ilihusu kuanza, na kuanza kuna raha yake. Raba ni mpya, daftari ni jipya, watu wa nyumbani wanakutazama kwa heshima. Sura hii nimeiandika kwa ajili ya mtu aliyeanza vizuri, akaenda vizuri, kisha siku moja akakosa. Namjua mtu huyo kwa sababu nimekuwa yeye.

Mwaka niliotimiza miaka 51 daktari alinipima presha siku tatu tofauti, na mara zote namba ya juu ikapita 160. Alinipa vidonge, akaniagiza pia nitembee nusu saa kila siku. Naishi Tanga, na Tanga mtu hakosi pa kutembea. Baada ya swala ya alfajiri nilishika njia ya Raskazone, nikiisikia bahari kabla sijaiona, na niliporudi jua lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Kila siku niliweka alama ya vema kwenye kalenda ya ukutani. Siku 43 sikukosa hata moja.

Siku ya 44 masika yalimwagika tangu usiku. Maji yalijaa uani hadi kizingitini, nikarudi kulala. Hilo halikuwa kosa, na hata leo siliiti kosa.

Siku ya 45 ndiyo iliyoniponza. Mbingu ilikuwa nyeupe, njia imekauka. Niliketi ukingoni mwa kitanda, raba zikiwa mbele yangu, nikaitazama kalenda: vema, vema, vema, halafu kisanduku kitupu. Kitu fulani ndani yangu kikasema safu imeshaharibika, bora nianze upya tarehe mosi, nianze kwa usafi. Ilikuwa tarehe 12. Tarehe mosi ilipofika tulikuwa na msiba Muheza. Tarehe mosi iliyofuata nilikuwa na mafua. Ikapita miezi minne. Raba zikaingia uvunguni, juu yake tukaweka ndoo.

Katika miezi ile nilibadili hata njia ya kwendea sokoni. Pale konani palikuwa na mzee muuza kahawa, na kwa siku 43 alikuwa ananiona nikipita, ananinyanyulia mkono, nami namnyanyulia. Sikutaka anione napita saa 3 asubuhi na kikapu. Nimeifikiria sana njia ile ya kuzunguka. Mvua ilinikosesha siku moja tu. Siku zaidi ya 100 zilizofuata zilichukuliwa na aibu.

Vitabu vingi vya tabia njema humfundisha msomaji asikose. Vinampa kalenda, vinampa programu ya simu inayohesabu mfululizo: siku 10, siku 20, siku 43. Ukikosa moja, hesabu inarudi sifuri. Nasema wazi kwamba hesabu hii imewavunja moyo watu wengi kuliko uvivu ulivyowavunja. Siku 43 nilizotembea, nilizitembea kweli. Mishipa yangu ya damu ilifaidika nazo. Usiku mmoja wa mvua hauna uwezo wa kuzifuta, ila kwenye ile namba.

Watafiti wa University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walichapisha mwaka 2009 utafiti uliofuatilia watu 96 kwa wiki 12. Kila mmoja alichagua jambo dogo la kufanya kila siku, kula tunda, kunywa maji au kufanya mazoezi kidogo, na akalifunga kwenye jambo analolifanya tayari, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Walitaka kujua inachukua muda gani jambo hilo kuwa la kujiendea lenyewe, kama mtu anavyopiga mswaki bila kujadiliana na nafsi yake. Jibu lililonukuliwa kila mahali ni siku 66. Lakini hiyo ni namba ya katikati tu. Kwa mwepesi zaidi zilikuwa siku 18, na kwa mzito zaidi siku 254, namba ambayo ilibidi ikadiriwe kwa hesabu kwa kuwa utafiti wenyewe ulikwisha kabla. Kunywa maji kulizoeleka haraka, mazoezi yakachelewa.

Hapohapo inaanguka ile hadithi ya siku 21. Chimbuko lake ni Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura nchini Marekani, aliyeandika kitabu mwaka 1960. Aliona wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 kuizoea sura yao mpya kwenye kioo. Neno "angalau" likapotea njiani, kioo kikapotea, ikabaki namba inayowafanya watu wajione wameshindwa siku ya 22.

Kuna jambo katika utafiti wa Lally ambalo halikutangazwa sana, nami ningependa liandikwe kwenye milango. Mtu aliyekosa siku moja hakurudi nyuma kwa kiasi chochote cha maana. Mazoea yaliendelea kujengeka kutoka pale yalipokuwa. Siku iliyokosekana yenyewe haikuwa na nguvu.

Basi nguvu ya kuharibu inatoka wapi? Mwaka 1975 Peter Herman na Deborah Mack waliwapa wanafunzi wa kike maziwa matamu yaliyokorogwa na aiskrimu, kisha wakawaomba waonje aiskrimu kadiri watakavyo. Wasiokuwa na mpango wa kujizuia chakula, kadiri walivyokunywa maziwa mengi ndivyo walivyokula aiskrimu kidogo, walikuwa wameshiba. Waliokuwa wakijizuia siku zote walifanya kinyume. Walipokwisha kunywa maziwa, walikula zaidi. Mpango wa siku ulikuwa umeshavunjika, na uliovunjika hauna cha kulindwa. Kwetu tuna usemi wa mtu huyo: maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Ni usemi mzuri kwa aliyeianza kazi. Kwa aliyeteleza mara moja unaweza kumzamisha.

Nilikuwa nasoma haya na bado sijapata dawa yake. Dawa niliiona Ramadhani iliyofuata, katika jambo ambalo nimelifanya tangu utoto bila kulitazama.

Sisi wa pwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Shafi, na katika madhehebu haya mfungaji hutia nia kila usiku kwa ajili ya saumu ya kesho. Hatii nia moja ya mwezi mzima ikatosha. Usiku wa kuamkia tarehe 7 una nia yake, na wa kuamkia tarehe 8 una yake. Nilipokuwa mtoto niliona ni usumbufu: kwa nini mtu aseme kila usiku anachokijua kila mtu? Sasa naona hekima. Kila siku imesimama kwa miguu yake. Mtu akiugua tarehe 8 akala, tarehe 7 haikuguswa, na tarehe 9 inamsubiri. Ramadhani ikiisha, aliyekula siku tatu anadaiwa siku tatu. Hakuna anayemwambia afunge tena 30. Lugha yetu hata ina kitenzi cha kazi hiyo, tunasema anakwenda kulipa. Wanawake wanalijua hili kuliko wanaume, maana kila mwaka wana siku zao za kulipa, na wanazilipa kwa utulivu, Jumatatu moja, Alhamisi moja, hakuna anayeona aibu kwa deni ambalo limewekewa utaratibu.

Sheria hiyohiyo inaujua pia mfululizo usiokatika. Iko saumu ya miezi miwili mfululizo, ambayo mtu akiivunja katikati bila udhuru huanza tena siku ya kwanza. Hiyo ni saumu ya kafara. Mfululizo umewekwa kwa anayefidia kosa kubwa. Kwa ibada ya kawaida, inayomchukua mtu mwaka hadi mwaka mpaka azeeke, zimewekwa siku zinazosimama peke yake na deni linalolipika. Nilipoliona hili niliishusha kalenda ukutani. Nilikuwa nimejiwekea kafara bila kujua, kwa jambo ambalo lilikuwa tu kutembea.

Na msomaji Mkristo ana wake wa kumwonyesha haya. Amuulize mama anayesali rozari kila jioni kwa miaka 40 kama hajawahi kupitiwa na usingizi. Atamwambia amepitiwa mara nyingi. Kisha amuulize alifanya nini kesho yake.

Lazima niweke mpaka hapa. Si kila deni hulipwa kwa kurudufu. Mtu aliyesahau kidonge cha presha jana hamezi viwili leo, labda kama mhudumu wa afya amemwelekeza hivyo. Anaendelea na cha leo. Aliyekosa kukimbia Jumanne asikimbie mara mbili Jumatano, goti litamdai riba. Ninachokichukua kwenye saumu ni kile kilicho chini ya ulipaji: siku ya kukosa imetazamiwa tangu mwanzo, na imeandikiwa utaratibu wake. Anayekosa hajikuti nje ya nyumba. Anajikuta kwenye chumba kingine cha nyumba ileile.

Wanaoujua ukweli huu vizuri kuliko mtu yeyote ni wauguzi wa kifua kikuu. Matibabu ya kawaida ya ugonjwa huu ni miezi 6: miwili ya kwanza kwa dawa nne, minne inayofuata kwa dawa mbili. Kila siku. Na hatari yake haiko siku mtu anapokuwa mgonjwa hoi. Iko baada ya wiki kadhaa za dawa, kikohozi kinapopungua, shavu linapojaa, mtu anaporudi shambani au kijiweni na wenzake wanamwambia amepona. Vimelea vilivyobaki ni vile vizito kufa. Akiacha hapo, ugonjwa unaweza kurudi, na ukirudi unaweza kuja umeshazizoea dawa.

Tanzania ilianzisha mpango wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma mwaka 1977, na mtu aliyeshirikiana nao kwa karibu alikuwa Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia. Kazi iliyofanyika hapa kwetu, kwa rejista za karatasi, hadubini za wilayani na wauguzi wa kawaida, ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa utaratibu ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza kote duniani katikati ya miaka ya 1990. Najivunia hilo, na nashangaa jinsi tunavyolisema kwa nadra. Utaratibu ule haukumtaka mgonjwa awe shujaa. Ulimtaka awe na kadi, awe na dawa zisizokatika kituoni, na awe na mtu anayemwona akimeza. Mtu huyo mwanzo alikuwa mhudumu. Baadaye mgonjwa akaruhusiwa kumchagua wa nyumbani kwake, mke, kaka, jirani.

Lakini kilichonigusa zaidi ni kile kinachofanyika kadi inapoonyesha pengo. Katika kituo kinachofanya kazi yake sawasawa, pengo halisubiri mwisho wa mwezi. Simu inapigwa, au mhudumu wa jamii anatumwa nyumbani, na swali la kwanza analotakiwa kuuliza ni kimekukwamisha nini. Mara nyingi jibu ni nauli, au chakula, kwa sababu dawa zile zikimezwa tumbo tupu zinasokota, au mume alisafiri na ndiye mwenye simu. Mambo yanayotatulika, alimradi mtu ayaulize mapema.

Kwa miaka mingi mgonjwa aliyekatiza dawa tulimwita mtoro. Ni neno la shule na la jeshi. Mtoro hujificha, hiyo ndiyo kazi ya mtoro. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilibadili istilahi zake, likaacha neno lililombebesha mgonjwa lawama na kutumia lile linalosema tu kwamba ufuatiliaji wake umepotea. Wapo walioliona ni jambo la makaratasi. Kwangu ni tiba. Mtu anayejiita mtoro kwa siku moja aliyokosa kutembea, kusoma au kuandika, atafanya kama watoro wote: atatafuta njia ya kuzunguka ili asipite konani.

Najua msomaji atasema, wako watu ambao hawakosi. Atanitajia Eliud Kipchoge. Basi tumtazame Kipchoge. Kwa miaka mingi amefanya mazoezi katika kambi ya Kaptagat, zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, chini ya kocha Patrick Sang, aliyepata fedha ya Olimpiki Barcelona mwaka 1992 katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Siku za wiki alilala kambini, mwisho wa wiki alikwenda nyumbani. Kazi za usafi ziligawanywa, naye alikuwa na zamu yake kama wengine. Mazoezi yake aliyaandika kwa mkono kwenye daftari. Ratiba ilikuwa ileile: Jumanne uwanjani kwa kasi, Alhamisi mbio ndefu, Jumamosi kubadilisha mwendo barabarani.

Mtu huyu alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003 akiwa kijana wa miaka 18, na mwaka 2012 alikosa hata nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Mwaka uliofuata akaingia marathoni, akashinda Hamburg. Tarehe 12 Oktoba 2019 huko Vienna alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya. Mwaka mmoja baadaye, Oktoba 2020, akiwa London mbele ya dunia nzima, alimaliza wa 8. Agosti 2021 alichukua dhahabu ya Olimpiki huko Sapporo. Wengi huitazama Vienna. Mimi hukaa kwenye miezi 10 kati ya London na Sapporo. Ratiba ya aina ile haikuulizi ulishinda au ulishindwa. Ikifika Jumanne wenzako wanafunga kamba za viatu saa ileile, na wewe unatoka nao. Kurudi hakuhitaji uamuzi mkubwa wa moyo, kwa sababu mlango ulishafunguliwa na mtu mwingine.

Wengi wetu hatuna kambi, ila tunaweza kuwa na saa, mahali na mtu. Watafiti watatu wa Uingereza, Milne, Orbell na Sheeran, waliwajaribu wanafunzi 248 mwaka 2002. Kundi moja liliachwa hivihivi. Lingine likapewa maandishi ya kutisha na kushawishi kuhusu maradhi ya moyo. La tatu likapewa maandishi hayohayo na kuombwa liandike siku gani, saa ngapi na wapi litafanya mazoezi wiki ijayo. Kundi la kwanza, asilimia 38 walifanya. La pili, walioogopeshwa na kuhamasishwa, asilimia 35. La tatu, asilimia 91. Hamasa peke yake haikuongeza kitu.

Kwa hiyo nilipoanza tena niliandika mistari miwili. Wa kwanza: baada ya alfajiri, nikitoka msikitini, sirudi ndani, naelekea Raskazone. Wa pili ndio ambao sikuwahi kuwa nao: nikikosa, kesho yake natembea hadi kwa mzee wa kahawa tu na kurudi. Ni kama dakika nane. Siku ya kurudi haihitaji kuwa siku nzito. Watu wengi hukosea hapo, wanataka siku ya kurudi iwe adhabu, na mwili wenye akili unaikimbia adhabu.

Asubuhi ya kwanza nilikwenda kwa hofu ya kitoto.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Umeadimika."

Nikaanza kueleza. Mvua, msiba, mafua, kazi za shule. Aliniacha nifike katikati, akaligeuza dele, akanimiminia kikombe. Alikuwa anatazama kahawa, hanitazami mimi, na nilimshukuru kwa hilo.

"Kesho wapita?"

"Inshallah, napita."

"Haya basi."

Hakuniuliza zaidi ya hapo, wala hakuniuliza siku nyingine yoyote. Lakini nikikosa siku mbili humwuliza mwanangu anapokwenda dukani, "Baba hajambo?" Na mwanangu huja kunifikishia salamu. Wauguzi wa kifua kikuu wangelielewa swali lile mara moja.

Kalenda haijarudi ukutani. Nina daftari la kurasa 96, mstari mmoja kwa siku, na siku niliyokosa naandika sababu kwa neno moja au mawili bila kujitetea. Baada ya miezi kadhaa maneno yale yalianza kunifundisha. "Mgeni" lilitokea mara nyingi, nikaanza kuwaomba wageni tutembee pamoja. "Usingizi" lilikuwa karibu kila mara baada ya kazi ya kusahihisha mitihani usiku, nikahamisha kusahihisha. "Mvua" sikulifanyia kitu. Mvua ni mvua.

Presha yangu juzi ilikuwa 134 kwa 84, vidonge vikiwamo, sijaviacha. Nimelichukua daftari sasa hivi nikiandika sura hii. Mwezi uliopita una siku 30. 24 nimetembea, sita sikutembea. Mstari wa tarehe 17 unasema: mvua tangu saa 9 usiku. Wa tarehe 18: hadi kwa mzee, kahawa vikombe viwili, nikarudi.

Wa tarehe 19: Raskazone.